Jicho, Mkono na Penseli: Uhakiki wa Vipimo vya Stadi za Utambuzi wa Kuona kwa Watoto wa Kongwa

Vipimo vya stadi za utambuzi wa kuona vinavyotajwa mara nyingi katika tafiti ni cha Marianne Frostig cha miaka ya 1960, cha Keith Beery cha mwaka 1967, na cha Colarusso na Hammill cha mwaka 1972. Swali linaloongoza uhakiki huu ni moja: mtoto wa Kongwa anapopata alama ya chini katika kipimo kama hicho, ni kitu gani hasa kilichoshindwa?

Beery humtaka mtoto anakili maumbo kwa penseli. Kosa laweza kutokana na jicho, na ufasiri wa kilichoonwa, na mkono, au na uchache wa mazoea ya kushika penseli; alama yenyewe haitofautishi. Mwaka 1979 Robert Serpell alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester. Wa Manchester waliongoza katika kuchora, wa Lusaka wakaongoza katika kuunda maumbo kwa waya, na katika udongo wakalingana. Lau angetumia penseli peke yake, watoto wa Lusaka wangeandikiwa upungufu wasiokuwa nao. Aliyewaona watoto wa vijijini Kongwa wakiunda magari ya waya, au wakiwatambua mbuzi wao kwa mabaka, ataelewa uzito wa hoja hii.

Colarusso na Hammill waliuondoa mkono: mtoto huchagua jibu kwa kuonesha tu. Ni hatua ya maana, ingawa michoro ya mistari juu ya karatasi imebaki palepale.

Lipo tatizo jingine, nalo halizungumzwi vya kutosha. Macho ya watu wa Kongwa yamechunguzwa tangu miaka ya 1980 katika tafiti za trakoma za Sheila West na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, likiwamo jaribio la kunawa uso lililochapishwa mwaka 1995. Swali lao lilihusu maambukizi na makovu ya kope, si utambuzi. Aidha, trakoma huharibu uoni zaidi ukubwani, hivyo isifanywe maelezo ya haraka ya kila mtoto anayesitasita mbele ya picha. Uoni upimwe kwanza, naam. Lakini chati ya herufi E, itumikayo kwa wasiojua kusoma, humtaka mtoto aoneshe miguu ya herufi imeelekea wapi. Kutambua mwelekeo ni stadi ileile tunayotaka kuitenga na uoni.

Kwa sababu hiyo, mtafiti anapendekeza mtoto afundishwe mchezo wa mielekeo kabla ya chati, kisha umbo lilelile apewe kwa waya, kwa udongo na kwa penseli. Sternberg na wenzake, katika utafiti wao wa Bagamoyo wa mwaka 2002, walionesha kuwa mafunzo mafupi huinua alama za watoto katika vipimo vya kufikiri. Utaratibu huu utachukua muda mrefu, na mwalimu mwenye darasa kubwa atalalamika kwa haki. Hata hivyo, mtoto aliyeshindwa kwa penseli pekee asipelekwe kwenye kitengo cha elimu maalumu kwa kutegemea jedwali la viwango vya watoto wa Marekani.