Kaleidoskopu ya Nairobi: Kazi Iko Kwenye Kukata

Tuchukue picha mbili za Nairobi. Ya kwanza ni mnara wa KICC katikati ya jiji, ule wa mviringo wenye orofa 28, uliosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso na kukamilika mwaka 1973. Umepigwa picha kutoka angani, kamera ikitazama chini moja kwa moja, paa la duara likiwa katikati. Ya pili ni Westlands, pale Nairobi Expressway inapopita juu ya Waiyaki Way: nguzo za zege, nyaya, mabango, matatu zenye michoro, vivuli vilivyolala mshazari. Anayetaka kugeuza picha kuwa kaleidoskopu ataikimbilia ya kwanza, kwa kuwa tayari ina mpangilio. Ninashikilia kwamba ya pili ndiyo malighafi bora, na kwamba uzuri wa kazi hii huamuliwa zaidi na kipande kinachokatwa kuliko programu inayokikata.

Ushahidi umo katika hatua zenyewe. Mskoti David Brewster alipobuni kaleidoskopu mwaka 1816, alitumia vioo vilivyoegemezwa kwa pembe ndani ya bomba. Programu ya kuhariri picha, iwe Photoshop au GIMP, hufanya kazi ya vioo hivyo kwa matabaka. Unakata kipande cha pembetatu chenye ncha ya digrii 30, unakinakili, unaigeuza nakala kama taswira ya kiooni, kisha unaviunganisha ubavu kwa ubavu kupata kipande cha digrii 60. Hicho unakinakili mara tano na kuzizungusha nakala kwa digrii 60, 120, 180, 240 na 300, hadi duara likamilike kwa vipande 12. Kila nakala ianzie kwenye kipande cha asili, kwa sababu programu hukadiria pikseli upya kila inapozungusha, na kuzungusha kilichokwisha kuzungushwa huzidi kuififisha picha. Idadi ya vipande lazima igawanyike kwa mbili. Ukitumia saba, mahali fulani vitakutana vipande viwili visivyogeuziana, na mshono utaonekana. Idadi ikigawanyika kwa mbili, mshono hutoweka, kwani kila ukingo hukutana na taswira yake wenyewe.

Sasa tazama mistari inavyofika kwenye ukingo huo. Mstari unaoufikia kwa digrii 90 huendelea upande wa pili bila kuvunjika. Unaoufikia mshazari hukunjwa ukawa ncha. Hapo ndipo KICC inaposhindwa. Ncha ya kipande ikiwekwa katikati ya paa, pete zote za mnara hukutana na kingo kwa digrii 90, kwa hiyo baada ya kukata na kugeuza kote huko hupatikana pete zilezile zilizokuwapo. Kwa Westlands, barabara ya juu inayokatiza kipande mshazari huwa nyota, waya uliolegea huwa ua, rangi za matatu hurudi kama petali. Fujo ndiyo inayokipa kioo kitu cha kupanga. Hata hivyo, fujo nayo yataka kupimwa. Pikseli 100 kutoka nchani, kipande cha digrii 30 kina upana wa pikseli 52 hivi. Pikseli 1,000 kutoka nchani, upana hufika kama 520. Basi ncha iwekwe penye utulivu, kama zege tupu au anga, na michoro mizito iachiwe ukingo wa nje.

Mtu atauliza hesabu zote hizi ni za nini, wakati GIMP ina kichujio kinachomaliza kazi hiyo papo hapo. Kichujio kinafaa, na hakuna sifa katika kujichosha bure. Lakini kinachojua ni kugeuza na kuzungusha tu. Hakijui kwa nini nguzo hii inafaa kuliko ile. Kitumike, mradi mtumiaji asogeze kitovu na pembe mpaka apate kipande kinachostahili. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba picha ya namna hii inaipotosha Nairobi. Ingekuwa hivyo kama ingetolewa kuwa habari. Picha ya msongamano ikishageuzwa haithibitishi tena msongamano, na mhariri hana budi kueleza ilivyotengenezwa. Lakini kaleidoskopu haijifichi. Hakuna atakayeiona akadhani kwamba nguzo za Westlands zimejengwa kwa duara.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo cha jambo hili kabatini mwake. Kwenye kanga, michoro ya pindo na mji hurudiwa kwa ulinganifu, lakini jina huandikwa mara moja, lisomeke. Ulinganifu umeachiwa macho, na neno limeachwa lilivyo. Kaleidoskopu haina huruma hiyo: bango au jina la matatu likiingia kwenye kipande, nusu ya nakala zake zitasomeka kinyume. Anayetaka mahali pajulikane na aliweke jina lake nje ya duara, chini ya picha, kama kanga inavyofanya.