Nyumba ya Mama Gani?

Vitabu vya kumbukumbu za familia vinavyozinduliwa Homa Bay na Migori husifiwa kwa maneno yale yale: vimechimba mizizi, vimehifadhi urithi. Ukivifungua unakuta mababu wamepangwa hadi kizazi cha kumi, picha za mahafali, vyeo vya watoto, na mzee mmoja asiye na doa. Hicho ni kijitabu cha mazishi kilichorefushwa, na anayekisifu anawaharibia wasomaji kipimo. Kitabu kinachoanza na mti wa ukoo kiwekwe kando. Masimulizi yanayovuka vizazi vitatu hayana sauti ya mtu ndani yake. Lakini kabla ya hayo yote, uliza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: anayesimulia ni wa nyumba ya mama gani?

Katika dala, yaani boma la Waluo, mlango wa mikayi, mke wa kwanza, hutazamana na lango. Nyachira, mke wa pili, na reru, wa tatu, wako pembeni. Kila nyumba ina jiko lake na ghala lake, na vilevile ina historia yake. Msimu wa njaa ambao nyumba moja inakumbuka kwamba baba aligawa mtama kwa haki, nyumba ya pili inaukumbuka kwa watoto waliolala bila kula. Hata kwa Wakuria wa Migori, mama asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate mrithi, kwani nyumba haikuachwa ife. Kwa hiyo anayeandika “babu aliwapenda wake zake wote” ametupa maoni ya nyumba moja akayaita ukweli wa boma. Zamani kwa Waluo, pim, bibi mlezi, akisimulia katika siwindhe, nyumba yake walimokusanyika watoto, wasikilizaji walitoka nyumba mbalimbali na uongo ulikosa pa kujificha. Mwandishi wa leo hana wa kumkatiza.

Tazama Dreams from My Father, kitabu cha Barack Obama cha mwaka 1995. Habari ndefu za babu yake, Hussein Onyango, aliyehama Kendu Bay kwenda Alego, zimewekwa kinywani mwa Mama Sarah, mmoja wa wake za Onyango. Yeye ndiye anayesimulia jinsi Akumu, mke mwenzake na mama mzazi wa Barack mkubwa, baba yake Obama, alivyoondoka akawaacha watoto. Obama hakuyayeyusha maneno hayo yakawa yake. Msomaji anajua nani anasema, na anaweza kujiuliza Akumu angesema nini. Ufundi ni huo. Katika utangulizi ametamka pia kwamba baadhi ya wahusika wamechanganywa. Mdanganyifu huchanganya akanyamaza.

Wapo wanaopinga kwamba kufukua ya wake wenza ni kuwagawa watoto wa baba mmoja. Watoto hao wanajua tayari. Hata Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 40, huigawa mali ya mwenye wake wengi aliyekufa bila wosia kwa nyumba, ikihesabu watoto wa kila nyumba pamoja na mjane aliye hai. Mahakama inaziona nyumba ambazo mwandishi anazifunika. Wengine husema wenye habari wamekwisha kufa. Basi liandikwe hilo waziwazi, ukurasa wa kwanza: haya tumeyapata kwa nyachira, na wa nyumba ya mikayi hatukuwahi kuwauliza.