Begi Huanzia Kwenye Keria

Kutoka Korogwe mjini kwenda Bungu kwa baiskeli ni kupanda. Mji uko bondeni, kando ya Mto Pangani, mita zipatazo 300 juu ya usawa wa bahari. Kata ya Bungu iko juu kwenye milima ya Usambara Magharibi, ambako mvua haisubiri masika na udongo mwekundu ukilowa huwa utelezi mtupu. Msafiri akielekea upande wa pili, Handeni, anakuta kilomita 65 za lami, na akiiacha lami hiyo anaingia kwenye vumbi la nyika. Njia zote mbili zinaanzia mji mmoja, lakini kila moja inalijaribu begi kwa namna yake.

Wengi wanaojiandaa kwa safari ndefu ya baiskeli huanza na swali la ukubwa: begi la lita ngapi? Swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza kujua ni begi litakaa wapi, litashikwa na nini, na hicho kinacholishika kinahimili kilo ngapi.

Mafundi wa jambo hili wako barabarani tayari: wabeba maji, wauza mkaa, wachukuzi wa ndizi. Chombo chao ni baiskeli nzito ya aina ya Phoenix kutoka China, yenye keria ya chuma ambayo miguu yake hufungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Uzito unateremka moja kwa moja hadi kwenye ekseli badala ya kuning'inia kwenye vyuma vyembamba vya fremu. Baiskeli za namna hiyo kwa desturi huwa na spoki 40 nyuma na 32 mbele, kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo linaloumia.

Tazama mzigo wenyewe. Madumu mawili ya lita 20 yaliyofungwa kushoto na kulia yana kilo 40 za maji, na bado baiskeli inatulia, kwa sababu uzito uko chini, karibu na ekseli. Gunia la mkaa la lumbesa lililosimamishwa juu ya keria ni habari nyingine. Uzito wake uko juu, na kwenye kona ya mteremko ndilo linaloamua baiskeli ilale upande gani. Hapo ndipo begi la pembeni linapopata hoja yake: linafanya kazi ya dumu, si ya gunia.

Kuna na mpira wa tyubu. Kamba ikikazwa asubuhi, mzigo ukishindilika kwa mitikisiko, kamba inabaki imelegea. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu unavutika wakati wa kufunga, kisha unajirudi kadiri mzigo unavyopungua, hivyo haupotezi mkazo. Hata msafiri mwenye mabegi ya gharama hufanya vyema kubeba vipande viwili vitatu vya mpira huo.

Mabegi ya kisasa yasiyopitisha maji nayo yana asili ya barabarani. Mwaka 1981 kijana wa Kijerumani, Hartmut Ortlieb, alikuwa akizunguka Uingereza kwa baiskeli, mvua ikimlowesha pamoja na mizigo yake. Aliona malori yakipita, shehena yake ikiwa kavu chini ya turubai. Alirudi kwao akashona mabegi ya turubai la lori kwa cherehani ya mama yake, na mwaka 1982 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Baadaye mshono uliachwa, kwa kuwa kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Vipande vikaunganishwa kwa joto. Zipu nayo ikaachwa: mdomo wa begi unakunjwa mara kadhaa, kisha unafungwa kwa kishikizo.

Jozi ya mabegi yake ya nyuma yanayojulikana zaidi hubeba lita 40, na mabegi matupu yenyewe yana karibu kilo 2. Kipimo chake cha kinga ni IP64. Tarakimu ya 6 inahusu vumbi: haliingii kabisa. Tarakimu ya 4 inahusu maji yanayorushwa kutoka pande zote. Kwa hiyo mdomo uliokunjwa unaomfaa mtu wa Bungu wakati wa mvua unamfaa vilevile mtu wa Handeni wakati wa kiangazi, maana zipu iliyojaa mchanga huanza kukwama, kisha huachana meno.

Njia ya zamani bado ipo. Kampuni ya Carradice ya Nelson, Uingereza, iliyoanza mwaka 1932, hutumia turubai la pamba lililofumwa kwa kubana. Likilowa, nyuzi huvimba na kuziba matundu. Begi la hivyo hushoneka tena likichanika, lakini likishalowa huwa zito na hukawia kukauka kwenye ukungu wa mlimani.

Uzito una bei yake, na bei hiyo inahesabika. Kilo 10 za ziada kwenye mpando wa mita 1,000, ambao ni kama tofauti ya kimo kati ya Mombo na Lushoto, zinadai kazi ya joule 98,000 hivi. Mwendeshaji anayetoa wati 150 atatumia dakika 11 zaidi kwa ajili ya kilo hizo peke yake; akitoa wati 100, dakika 16. Kwenye mpando hilo linavumilika. Kwenye mteremko, kilo hizo hizo zinakuwa deni la breki.

Ndiyo sababu wapo walioitupa keria kabisa. Mwaka 2015 Mskoti Mark Beaumont aliendesha kutoka Cairo hadi Cape Town, akipita Kenya na Tanzania, kwa siku 41 na saa kadhaa, bila gari la kumsindikiza. Mwendo huo hauwezekani kwa mabegi manne. Wasafiri wa mtindo huo hufunga kibegi nyuma ya siti, kingine ndani ya fremu, kingine kwenye usukani. Hakuna bolti za kulegea, na kwenye njia nyembamba baiskeli haigongi kingo. Lakini nafasi ni finyu, na mwenye kubeba sufuria, chakula cha siku tatu na lita 6 za maji hatatosheka.

Kati ya mabegi manne na vibegi visivyo na keria, kuna keria na mabegi mawili tu. Keria nyingi za alumini huandikiwa kilo 25. Za chuma za wasafiri, kama Tubus Cargo ya Ujerumani, kilo 40. Hesabu hiyo inajumuisha mabegi yenyewe na hema lililowekwa juu. Faida nyingine ya chuma ni kwamba kikivunjika, fundi wa kuchomelea wa Korogwe au Handeni atakiunga; alumini inahitaji vifaa ambavyo wengi hawana.

Asiye na fedha za begi la Ulaya anaweza kurudi pale alikoanzia Ortlieb. Korogwe iko kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, na malori yenye turubai hayakatiki. Fundi wa maturubai anaweza kutengeneza begi la mdomo wa kukunja, mishono ikiwekwa juu na kuzibwa kwa gundi na kiraka. Uangalizi mkubwa uende kwenye kulabu. Ziwe za bapa la chuma, zivishwe kipande cha tyubu zisikwaruze keria, na chini iwepo ya tatu ya kuzuia begi lisiruke. Begi linaloruka kwenye makorongo hukata kulabu zake, au hujirusha kwenye spoki. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya pedeli kuzunguka bila kugusa begi.

Kwa safari ya Korogwe hadi Bungu, au hadi Handeni, na kurudi, mabegi mawili ya nyuma ya lita 20 kila moja yanatosha: vizito chini na karibu na fremu, koti la mvua juu kabisa, pande zote mbili uzito sawa. Maji yakae kwenye fremu. Baada ya kilomita 10 za kwanza za barabara ya udongo, mwendeshaji asimame na kukaza bolti zote za keria, maana nyingi hulegea mwanzoni mwa safari.