Makazi ya Adui katika Riwaya ya Upelelezi

Wahakiki wengi wameipuuza riwaya ya upelelezi kwa kuiita fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni dosari. Taharuki haina kosa. Udhaifu wa riwaya hizi aghalabu umo katika makazi ya adui. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) cha Elvis Musiba, Willy Gamba anakwenda hadi Kinshasa kuwasaka wauaji wa wapigania uhuru. Mwovu hutoka nje, nyumbani hakuulizwi kitu. Hilo liliafiki enzi ya ukombozi. Lakini msomaji wa Ziwa, katika eneo la Eldoret ambako jirani alimchomea jirani nyumba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, atalisadiki kwa shida. Kwake yeye, Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, ingawa ni kongwe zaidi, ndiyo iliyo karibu naye. Bwana Msa hategemei bastola. Ana kiko chake na mantiki (na maneno mengi mno, ni kweli). Anachokifukua nyuma ya mauti ya Bwana Ali si kazi ya mizimu bali siri za ukoo, na maswali yake huwaendea wale waliomjua marehemu kwa jina.