Kuzibua au Kusawazisha? Uhakiki wa Istilahi za Sikio na Msukumo wa Hewa

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache zitumikazo kueleza matatizo ya masikio yatokanayo na msukumo wa hewa au wa maji. Istilahi hizo hutumiwa na makundi mawili ya watu ambao, kwa kuwatazama tu, hawana uhusiano. Kundi la kwanza ni la wapiga mbizi wa pwani ya Bagamoyo, na hasa wa jirani ya Mbegani, mahali ambapo mafunzo ya uvuvi yamekuwa yakitolewa tangu miaka ya 1960. Kundi la pili ni la wagonjwa wanaolala wakiwa wamevaa barakoa ya mashine ipulizayo hewa puani, kwa sababu pumzi zao husimama mara kwa mara usingizini. Wote wawili hulalamika kwamba masikio “yameziba”, na wote wawili hushauriwa “kuyazibua”. Tutaonyesha kwamba neno hilo moja lina maana mbili zinazopingana, na kwamba upinzani huo si wa kamusini tu.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Wengi huuita “kukosa pumzi usingizini”. Jina hili halitoshi, kwani mwenye pumu naye hukosa pumzi usingizini, hali tiba zao ni mbali mbali. Wengine wamependekeza “kukata pumzi”. Hapa hapana budi kukataa moja kwa moja. Mswahili asikiaye “kukata pumzi” hukumbuka “kukata roho” na “kukata kauli”, na mgonjwa atarudi nyumbani akidhani ameandikiwa kifo. Dhana inayotakiwa ni ya pumzi inayosimama kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ikarejea, kisha ikasimama tena, mara nyingi kwa usiku mmoja, kwa sababu nyama laini za koo zimelegea na kuziba njia ya hewa. Sisi tunaona “mkatizo wa pumzi usingizini” unafaa zaidi. Kinachokatizwa huendelea, kilichokatwa kimekwisha.

Jina la mashine lina dosari kubwa kuliko hiyo. “Mashine ya kupumulia” lilikuwa jina la kustahimilika mpaka mwaka 2020, ambapo ugonjwa wa Uviko-19 ulilifanya lijulikane kila nyumba kuwa ni jina la chombo kimpumuliacho mtu aliye mahututi. Kumwambia leo mzee wa Bagamoyo kwamba atalala na mashine ya kupumulia ni kuwaita jamaa zake wakusanyike. “Mashine ya oksijeni” nalo ni kosa tupu, maana chombo hiki, kilichoelezwa mara ya kwanza na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, mwaka 1981, hupuliza hewa ya kawaida ya chumbani. Kazi yake ni kuliweka koo wazi. Kupumua hupumua mgonjwa mwenyewe. Tuliwahi kufikiria “mvukuto”, neno zuri la wahunzi, lakini mvukuto hupuliza na kupumzika, na mashine hii haipumziki. Basi “kipulizahewa” kinatosha, ingawa hakina utamu wa mvukuto.

Kuhusu msukumo wenyewe hatutasema mengi. Wanafizikia wetu wana “kanieneo”, istilahi iliyoundwa kwa akili, kwa kuwa inaeleza kani iliyogawanywa kwa eneo, na sharti ibaki darasani. Zahanatini, hata hivyo, haifai kumwambia mtu ana kanieneo sikioni. Wala haifai kumwambia ana “presha ya sikio”, kwani presha katika usemi wa kila siku ni shinikizo la damu, na wako watakaokwenda kutafuta vidonge vyake. “Msukumo wa hewa” unaeleweka na kila mtu. Wako watakaosema kwamba dhana moja sharti iwe na istilahi moja katika fani zote. Kanuni hiyo tunaiheshimu, lakini iliwekwa kwa ajili ya wasomaji wa vitabu, na mgonjwa si msomaji wa vitabu vyetu.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya, yaani kitenzi “kuziba” na mwenzake “kuzibua”.

Nyuma ya kiwambo cha sikio pana chumba kidogo chenye hewa, na kutoka chumba hicho mrija mwembamba hushuka hadi nyuma ya pua. Mrija huu kwa kawaida umefumba. Hufunguka tunapomeza au kupiga miayo. Mpiga mbizi ashukapo, maji huongeza msukumo nje ya kiwambo, nao ni mwingi: katika kina cha mita 10 msukumo wote huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Kiwambo husukumwa ndani. Maumivu huanza mapema, katika mita mbili tatu za mwanzo, na kama hakuna hewa iliyoingizwa chumbani kiwambo chaweza kupasuka. Maji baridi yakiingia humo, mtu hupatwa na kizunguzungu asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Wangapi wamezama kwa sababu hiyo hakuna awezaye kuhesabu. Kwa hiyo mpiga mbizi hubana pua, hufunga kinywa, hupuliza taratibu, na hewa hupanda mrijani. Hilo ndilo “kuzibua” lake: ni kuingiza hewa.

Kwa mwenye kipulizahewa mambo ni kinyume. Msukumo wa mashine hupimwa kwa sentimita za maji, na kwa kawaida huwa kati ya 4 na 20. Msomaji atazame jinsi ulivyo mdogo: sentimita 20 za maji hazifiki hata shibiri moja ya kina, mtoto wa Mbegani achezaye ufukoni hupita hapo bila kujua. Lakini msukumo huu hautoki nje. Hutoka puani, hupanda kwa mrija kila mgonjwa amezapo mate, nao hudumu usiku kucha. Kiwambo husukumwa kuelekea nje. Asubuhi mtu huamka na sikio lililojaa, linalosikia kama kwamba amefunikwa chungu, na pengine lenye mlio. Mtu huyu akiambiwa “zibua masikio yako”, naye akafanya kama alivyowaona wapiga mbizi, ataongeza hewa palipo na hewa nyingi mno. Kinachomfaa ni kuvua barakoa, kumeza, kupiga miayo, ili hewa itoke. Kisha kumwomba mganga atazame kama pua imevimba kwa mafua au kama msukumo wa mashine unaweza kupunguzwa. Sikio likiuma sana au likitoa maji au usaha, asingoje.

Tena “kuziba” humpeleka mtu kwenye tundu la nje. Anayeambiwa sikio limeziba hutafuta nta, na anayetafuta nta huchukua kijiti cha kiberiti, unyoya wa kuku au mafuta ya nazi ya moto. Yote hayo huishia upande usiokuwa na tatizo, na kijiti chaweza kukitoboa kiwambo kilichokuwa kizima.

Kwa sababu hizo tunapendekeza mgawanyo huu. “Kuziba” libaki kwa sikio lenye nta au kitu ndani ya tundu lake. Kwa mpiga mbizi tuseme sikio “limebana”, na kwa mwenye kipulizahewa tuseme “limejaa”. Maneno yote mawili yako tayari midomoni mwa watu, hatuhitaji kuyaunda. Na tendo la kutafuta nafuu liitwe “kusawazisha masikio” kwa wote wawili, kwa kuwa usawa unaotafutwa ni wa pande mbili za kiwambo, iwe kwa kuingiza hewa au kwa kuitoa. Mwalimu wa uvuvi aliyesomea fani yake kwa Kiingereza, naye akarudi kuifundisha kwa Kiswahili ufukoni, ndiye atakayeshukuru kwanza. (Tumeandika “mpiga mbizi” makusudi. “Mzamiaji” sasa ni mtu ajifichaye melini apate kufika Ulaya.)

Lipo jambo moja la mwisho. “Kiwambo” ni istilahi kamili. Aliyewahi kuona ngozi ikiwambwa juu ya ngoma hahitaji maelezo. Mrija, kwa upande wake, huitwa kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mganga wa Italia aliyefariki mwaka 1574, na wengine huuita “mfereji wa sikio”, ambao wengi huuelewa kuwa ni tundu la nje. Jina la Mtaliano halimwambii mgonjwa kitu, na mfereji humdanganya. “Mrija wa sikio na pua” ni mrefu kidogo, lakini humwonyesha mtu hewa ilikopita. Tunauwasilisha mbele ya wasomaji, na hasa waganga na walimu wa uvuvi, wautie mizanini.