Land Rover ya Munisagara

Mwezi Agosti 2024 mpwa wangu aliniletea ujumbe kwenye simu: "Mjomba, gari limekwisha. Njoo ulihukumu." Nikapanda basi kutoka Morogoro hadi Kilosa, na safari iliyobaki nikaimalizia kwa bodaboda. Nilipofika nikalikuta gari limesimama uani, limefunikwa kanga mbili mpya za dada yangu, na majirani wamekwisha kukaa kwenye mikeka kana kwamba kuna posa. Kanga zikavuliwa. Watu wakapiga makofi. Mpwa wangu akanigeukia, nami nikasema kwamba sijapata kuona kazi nzuri kama ile.

Hiyo haikuwa hukumu. Ilikuwa heshima ya ugeni. Hukumu ndiyo hii ninayoiandika sasa, na kwa kuwa kijana huyu alitumia miaka mitano ya likizo zake na sehemu kubwa ya mshahara wake katika kazi ile, naona anastahili mtu wa kuitazama kazi yake kwa makini kama alivyoifanya yeye.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, pikapu ya Series IIA, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971. Namba hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kwanza lilikuwa mali ya shamba la mkonge upande wa Kimamba, ambako marehemu baba alikuwa dereva wake. Lilibeba vipuri vya korona, mishahara, wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Kilosa, na mara nyingi kuliko tulivyopenda, maiti. Katikati ya miaka ya themanini shamba lilipouza magari yake machakavu, baba alilinunua kwa akiba yake yote akalileta nyumbani Munisagara. Kwetu lilifanya kazi zile zile, isipokuwa mishahara. Mwaka 1998, baada ya mvua zile za El Nino, gia boksi ilikufa, nalo likasogezwa chini ya mwembe. Likakaa hapo miaka ishirini na moja. Mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yale yaliyong'oa reli na kubomoa nyumba za watu Kilosa, yalilikuta hapo hapo na kulijaza tope hadi sakafuni.

Nianze na chesisi, maana huko ndiko kazi hii ilikoshinda. Mtu asiyejua magari haya hudhani kwamba Land Rover haipati kutu, kwa sababu huona bodi yake inadumu. Bodi ni ya aluminiamu. Lilipotokea mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua na mabati ya chuma yalikuwa ya mgawo, ndipo wakatumia aluminiamu iliyokuwa ikipatikana. Lakini chesisi ni chuma, tena ni boksi lililochomelewa kwa vipande vya bati la chuma, lenye uwazi ndani. Tope likiingia halitoki. Kutu huanzia ndani, na siku unapoiona kwa nje imekwisha kula unene wote. Gari la baba lilikuwa limeoza boriti ya nyuma kabisa pamoja na ile mikono ya pembeni inayoshikilia bodi.

Fundi mvivu angepachika vipande vya bati juu ya kutu na kupaka lami. Mpwa wangu alikata hadi akafikia chuma kizima. Alimleta mchomeleaji kutoka Kilosa, akamtaka asichomelee upande mmoja mfululizo bali ahame huku na huku, ili joto lisiipinde chesisi. Kabla ya kukata alipima mishazari yote kwa kamba na akaandika vipimo kwenye daftari la shule, ambalo nililiona. Baada ya kufunga boriti mpya akapima tena. Akatoboa matundu ya kutolea maji, akamimina mafuta machafu ya injini ndani ya boksi lote. Kazi hii hakuna atakayeiona wala kuipigia makofi. Nililala chini ya gari kwa nusu saa na tochi, shati langu likachafuka, na sikupata la kulaumu.

Injini nayo nitaisifu, ingawa kwa maneno machache zaidi. Ni ile ya petroli ya lita mbili na robo. Nchi hii imejaa Land Rover zenye injini za Toyota na Nissan, wala siwalaumu wenye nazo. Miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, mtu angeweza kungoja mwaka mzima gasketi ya silinda hedi, na kuanzia 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, magari ya Kijapani yakaja na vipuri vyake. Aliyebadilisha injini alitaka kula. Mpwa wangu hakuwa na haraka ya kula. Alipeleka krankshafti Morogoro ikachongwa, akatafuta beringi na ringi za pistoni huko Gerezani, Dar es Salaam, duka kwa duka, na mengine akayapata kwa watu waliokuwa wamefungia magari yao mabovu kama mazizi ya kuku. Injini inawaka kwa hendeli mara ya pili. Inavuja mafuta kidogo kwa nyuma. Na ingekuwa haivuji ningeshuku kwamba haina mafuta.

Sasa nije kwenye bodi, na hapa ndipo ninapotofautiana naye.

Gari linang'aa. Limepuliziwa rangi ya maziwa, tabaka baada ya tabaka, likapigwa msasa wa maji, likapuliziwa tena na kung'arishwa hadi ukiinama unaona meno yako. Mabati yamenyooka kama meza ya kioo. Land Rover hii haikupata kunyooka namna hiyo hata siku ilipotoka kiwandani. Iliundwa kuwa chombo cha shamba: mabati yake mengi ni ya bapa kwa sababu yalikuwa rahisi kukata na kukunja, riveti zake zinaonekana, na rangi yake ilikuwa ya kuzuia jua na maji, si ya kujitazamia. Kwa hiyo hata ukisema umelirudisha katika hali ya upya, si upya wake huo. Ni upya wa gari jingine.

Kisha kuna puti. Aluminiamu ikigongwa hutanuka, na ikitanuka hairudi kirahisi mahali pake. Fundi hodari huigonga polepole na kuilainisha kwa moto wa kubahatisha, maana aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Njia fupi ni kujaza puti na kuisugua. Mpwa wangu, ambaye chini ya gari hakukubali njia fupi hata moja, juu amezikubali zote. Niligonga madigadi ya kushoto kwa kidole, ikajibu kama ubao. Kwa barabara zetu puti nene namna ile itaanza kupasuka kabla ya masika ya pili, na maji yatakaa ndani ya ufa.

Hilo ni la ufundi. Lililoniudhi zaidi ni mlango. Mlango wa dereva ulikuwa na jina la lile shamba la mkonge, limefutika kwa jua na kwa kiwiko cha baba hata zikabaki herufi nne au tano. Mpwa wangu amezaliwa baada ya herufi hizo kufutika. Ameziandika upya zote, kwa mwandiko mzuri wa mchora vibao, na pembeni akaongeza mche wa mkonge wa kijani. Mche huo haukupata kuwapo. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice, Italia, wakaweka azimio ambalo wahifadhi wengi duniani wamelifuata tangu hapo, na sharti lake moja ni kwamba kazi ya kurudishia lazima ikome pale kubahatisha kunapoanza. Najua walikuwa wakizungumzia makanisa na majumba, si pikapu ya Munisagara. Lakini mlango ule ungekuwa mfano mwepesi kwao.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mwenye mali ana haki ya kupendeza mali yake, na kwamba hata wenye kiwanda hufanya hivyo. Ni kweli. Mwaka 2016 kampuni ya Land Rover yenyewe ilianza huko Solihull kuyarudisha yale magari yao ya kwanza katika hali ya kiwandani na kuyauza kwa bei ambayo sitaiandika mbele ya wasomaji wenye ada za shule. Lakini ipo njia nyingine. Gari la kwanza kabisa la Land Rover lililotolewa kwa ajili ya kuuzwa, lenye namba ya chesisi 860001 na usajili JUE 477, lilikuwa limeachwa shambani kaskazini mwa Uingereza likioza. Lilipofufuliwa, fundi wake aliimarisha kile ambacho kingeliua, kisha akaziacha bati zake zikiwa na rangi iliyochubuka na makovu ya shamba. Linatembea, na ukilitazama unajua limetoka wapi.

Gari la baba lilikuwa na makovu yake. Sakafu ya karai la nyuma ilikuwa na mikwaruzo miwili mirefu ya jeneza, ambayo dada yangu alikuwa akiijua kwa tarehe. Kwenye ubao wa kiti palikuwa na tundu la sigara ya msimamizi. Yote yamesawazishwa. Na kwenye madigadi ya kushoto palikuwa na bonyeo kubwa kama bakuli la ugali.

Hapa inanibidi nikiri jambo, la sivyo msomaji ana haki ya kuitilia shaka hukumu yangu yote.

Bonyeo lile nililifanya mimi, mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alikwenda kula, akaacha ufunguo, nami nikaliwasha nikitaka kuwaonyesha vijana wenzangu kwamba najua. Nikaigonga nguzo ya korona. Nikalirudisha mahali pake nikaondoka. Utingo wa baba alikuwa amelala kivulini karibu na gari, na msimamizi alipouliza, ikaonekana dhahiri kwamba ndiye aliyekuwa akijifunza kuendesha. Hakuwa amejifunza lolote. Alifukuzwa siku ile ile bila hata kulipwa wiki yake. Baba alinitazama usiku ule muda mrefu, akanyamaza. Nadhani alijua, na alijua pia kwamba akisema atafukuzwa yeye. Tangu siku gari lilipoletwa nyumbani, kila nilipokwenda Munisagara nilipita upande wa kulia.

Basi kanga zilipovuliwa Agosti ile, nikaona madigadi imenyooka na inang'aa, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni si hasira ya mhakiki. Nilifurahi. Nilifurahi sana, na sifa zile nilizozitoa mbele ya majirani zilitoka katika furaha hiyo. Usiku nilipokuwa nimelala ndipo nilipojiuliza ni kazi gani hasa ninayoisifu. Chesisi nilikuwa bado sijaitazama. Injini ilikuwa haijawashwa. Nilikuwa nimesifu puti.

Sidai kwamba mpwa wangu alitaka kuficha neno. Hakujua kitu. Yeye aliona bovu akalitengeneza, na alifikiri babu yake angependa gari lake lionekane hivyo. Pengine angependa, alikuwa mtu wa kupiga pasi hata soksi. Lakini nashikilia kwamba bodi ile ilistahili kutazamwa kwa subira ile ile iliyotazamiwa chesisi. Chini ya gari alijiuliza kila mara, kipande hiki kikibaki gari litakufa au halitakufa? Juu hakujiuliza. Bonyeo la madigadi lisingeliua gari hata kwa miaka mia. Lilikuwa halivuji, halikugusa tairi, na lilikuwa na sababu.

Nilirudi Munisagara mwezi wa kumi. Shikamoo yake nilipoiitikia nikamwambia tukae chini ya mwembe, nikamsimulia yote: mlango, mche wa mkonge, na nguzo ya korona. La mlango alilikataa. Alisema mchoro ule ni mzuri na utabaki, na kwamba naye ni mtu wa familia hii, anayo haki ya kuongeza lake. Nimelifikiria jibu hilo na sijalipatia dawa. La madigadi alinyamaza.

"Huyo utingo yupo, mjomba?"

Nikamwambia niliwahi kusikia alihamia Kidodi, kwenye miwa, na kwamba sikupata kumtafuta.

Akainuka, akaizunguka pikapu mara moja, akaweka kiganja pale palipokuwa na bonyeo. Kisha akauliza kama puti ile itatoka kwa moto au kwa msasa. Kwa msasa, nikamwambia, tena kwa mkono na polepole, maana moto utaipinda bati.