Kuchambua Shingo

Kwa kazi hii tunalo neno la zamani, ila tumelizoea kwa karafuu na pamba: kuchambua. Anayepasua huona ndani upesi. Anayechambua hutenga kitu na kitu bila kukiumiza kimojawapo, na hivyo ndivyo afanyavyo fundi wa anatomia kwenye shingo ya juu, chini ya kitako cha fuvu, ambako ateri, vena na neva zimesongamana katika nafasi ya vidole viwili. Kisu hukiweka kando mapema. Huingiza ncha butu za mkasi zikiwa zimefumbwa, akazifumbua polepole, na tando zikaachana zenyewe.

Kitabu cha darasani humwambia kwamba karotidi hugawanyika karibu na ukingo wa juu wa kongomeo. Tawi la nje hulisha uso, la ndani hupanda kwenye ubongo bila kutoa tawi lolote shingoni. Ni kweli, lakini hiyo ni shingo ya walio wengi. Kwa takriban mtu mmoja kati ya watano, ateri ya ulimi na ile ya uso hutoka kwenye shina moja. Kwa wengine karotidi ya ndani hujipinda ikalala nyuma tu ya ukuta wa koo, jirani na mafindofindo, na daktari anayekuja kuyakata hana alama yoyote ya kumwonya, labda pigo analolihisi kidoleni.

Aliyelichukulia jambo hili kwa uzito ni Richard Quain wa London. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha ateri za mwili wa binadamu, pamoja na picha kubwa zilizochorwa na Joseph Maclise, naye mwenyewe daktari wa upasuaji. Quain aliegemea miili 1,040. Nauona ukubwa wake hapo: alipokuta mshipa umekwenda njia nyingine, hakuuita kosa la maumbile akaendelea na safari, aliuandika na kuuhesabu. Yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kueleza ateri inayounganisha karotidi na mishipa ya nyuma ya ubongo, ambayo kila kiinitete huwa nayo kwa siku chache kisha ikanyauka. Kwa watu wachache mno, chini ya mmoja kati ya 100, hubaki hadi uzeeni. Katika Uingereza ya siku hizo, sheria ya 1832 iliwapa wanaanatomia maiti za maskini wasiokuwa na wa kuwazika. Hao hawakuulizwa. Kila daktari anayeijua shingo leo anadaiwa nao, nami nimo.

Maana nami nilisimama mbele ya meza ya kuchambulia maiti nikiwa mwanafunzi, nikitafuta ateri inayopanda ndani ya matundu ya pingili za shingo. Nilijua huingia kwenye pingili ya sita. Nilichimba hapo asubuhi nzima, nikaanza kuharibu misuli. Mwalimu alinishika kiwiko, akasema, “Usiitafute, mwanangu. Ifuate.” Nikarudi chini ilikoanzia, nikapanda nayo taratibu. Ilipita mbele ya pingili ya sita bila kuingia, ikaingia kwenye ya tano.

Tuliifuata hadi juu kabisa, pale inapokunja kona kuelekea nyuma na kulala kwenye mfereji juu ya pingili ya kwanza, kabla ya kuingia fuvuni. Kwa mzee yule aliyelala mezani, mfereji ulikuwa umefunikwa na daraja jembamba la mfupa. Daktari anayefunga skrubu hapo aweza kulidhania ni mfupa mnene wa kushikilia, kumbe chini yake damu ya ubongo inapita. Mwalimu alinipa kijiti chembamba. Nikakipenyeza chini ya daraja, sambamba na ateri, nikashusha pumzi kilipotokea upande wa pili.